Nidhamu na Fimbo katika Shule ya Msingi

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Walisema akunjwe, hawakusema avunjwe. Katika malezi ya jadi mtoto aliyekosa aliadhibiwa, na pengine kwa fimbo, lakini malezi hayo yalikuwa mikononi mwa watu wengi: bibi kwa hadithi zake, kungwi kwa mafunzo yake, na jirani yeyote aliyemkuta akiharibu.

Ukoloni uliipa adhabu sura nyingine. Wakati wa Wajerumani kiboko kiliwashukia vibarua na watumishi, na neno “hamsa ishirini”, yaani viboko ishirini na vitano, likabaki vinywani mwa watu kama kumbukumbu ya dhuluma. Hiyo haikuwa adhabu ya kumlea mtu, bali ya kumtiisha.

Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961, watoto waliokuwa katika shule za msingi hawakufika nusu milioni. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, ilipokutana Musoma, iliamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule apate nafasi. Mwaka 1981 wanafunzi walikuwa wamezidi milioni 3. Hapana shaka hilo lilikuwa tendo kubwa la haki. Lakini madarasa, madawati na vitabu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu huku wakifundisha, kwa masomo ya posta na redio. Kijana wa namna hiyo, akikabili darasa lililofurika, watoto wakiwa wameketi sakafuni na kitabu kimoja kikigombewa na wengi, alikuwa na kitu kimoja tu kisichopungua: fimbo.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Utundu mwingi wa darasani hauzaliwi na ubaya wa mtoto, bali na mikono isiyo na kazi, tumbo lenye njaa, na jicho lisiloona ubao. Fimbo hunyamazisha kelele, lakini haiongezi kitabu wala haimshibishi mtoto. Serikali yenyewe ilitambua hatari hiyo: kanuni za mwaka 2002 ziliweka mpaka wa viboko vinne, zikampa madaraka mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kutaka kila adhabu iandikwe daftarini.

Hata hivyo shule maskini hazikukosa njia nyingine. Viranja waligawa zamu. Darasa liligawanywa makundi, moja likisoma kwa mwalimu na jingine likifanya hesabu chini ya mwembe. Mtoro alifuatwa nyumbani, na kamati ya shule ikazungumza na mzazi wake. Njia hizo hazikuhitaji fedha, ila zilihitaji watu wengi kushirikiana, kama ilivyokuwa katika malezi ya jadi.

Basi mwalimu asiachwe peke yake na darasa lake. Kijiji kinachomwachia mwalimu watoto wote na fimbo moja kisishangae kupata watoto waoga badala ya raia wenye nidhamu.