Kanisa Lisilo na Wakfu

Sisi tukaao Chaani, jirani na matangi ya kiwanda cha mafuta cha Changamwe, hatuna gofu la kumwonyesha mgeni. Ila jina la Changamwe ni la kale, kwani Wachangamwe, pamoja na Wakilindini na Watangana, ndio Thelatha Taifa wa Mombasa. Huenda ni kwa kuishi mahali ambapo jina limesalia pasipo jiwe la kuligusa ndipo nimekuwa nikiyahangaikia majengo ambayo mawe yake yangalipo, na hasa lile kanisa dogo la Wareno lililoko Malindi.

Ni chumba kimoja cha matumbawe na chokaa, chenye paa la makuti na makaburi machache uani, nalo lahesabiwa miongoni mwa makanisa ya kale mno katika Afrika Mashariki. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka 1498. Na mwaka 1542 akapita Padri Francis Xavier, akiwa safarini kwenda Bara Hindi, ambaye baadaye aliandika kutoka Goa kwamba alimzika Malindi mtu mmoja wa chombo chao, na kwamba muungwana mmoja wa Kiislamu alimshitakia huzuni yake, kuwa katika misikiti 17 ya mji ule ni mitatu tu iliyoendewa, tena na watu wachache. Kila nikiikumbuka habari hii husikitika pamoja na muungwana yule, maana nyumba ya ibada ikipungukiwa na watu, kuta zake hazikawii.

Wahenga wa pwani waliitambua hatari hiyo, wakaweka wakfu. Aliyejenga msikiti aliutengea shamba la minazi au nyumba ya kupangisha, ili pato lake linunue mafuta ya taa, mikeka na chokaa, na mwadhini naye apate riziki. Kanisa la Malindi halikuachiwa kitu cha namna hiyo: Wareno walihamishia makao yao Mombasa, wakaanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na hatimaye wakaiacha pwani yetu pasipo kuacha jamaa wa kulisalia. Kwa hiyo mlezi wake leo ni Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na wakfu wake, kama utakuwapo, hauna budi kutoka katika hazina ya umma.

Watu hupenda kutaja mfano wa Ngome, iliyokuwa gereza tangu 1895 hata 1958, ikafukuliwa na kutengenezwa chini ya James Kirkman kwa msaada wa pauni 30,000 wa Wakfu wa Calouste Gulbenkian wa Lisbon, yaani kwa mali iliyochumwa katika mafuta, mafuta yaleyale ambayo matangi yetu yalijengewa. Nawashukuru, lakini fadhila ya aina ile huja mara moja, tena huielekea ngome kubwa, na kijumba cha Malindi kikiingojea kitangoja sana.

Katiba ya 2010 imeyakabidhi majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa kwa serikali kuu, na makumbusho mengine kwa kaunti, na mgawanyo huu, ingawa una maana yake, humpa kila mmoja nafasi ya kumwelekea mwenziwe. Kwa hiyo anayeliombea kanisa hili fedha na aandike barua mbili, moja kwa kila upande, ataje ndani yake kiasi kidogo cha kila mwaka, wala asiombe fungu kubwa la siku moja, kisha aeleze kazi yenyewe, ambayo mafundi waashi waijua. Chokaa hutokana na matumbawe yaliyochomwa kwa magogo hata yakawa meupe, yakamwagiwa maji, yakalazwa kwa muda kabla ya kuchanganywa na mchanga. Anayetaka urahisi hutia saruji. Nayo, kwa kuwa ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe, hufungia chumvi na unyevu ndani, hata baada ya masika kadhaa jiwe likamumunyuka nyuma ya lipu ingali nzima, na mpitaji asione kitu mpaka ukuta uanguke.

Basi katika hesabu na iwekwe chokaa mahali pa saruji, makuti mapya kila yanapochakaa, boriti za mikoko, na ujira wa mwashi mmoja pamoja na kijana wa kumfunza, ili mzee atakapofariki awepo wa kuushika mwiko.