Kuvu Iliyozaa Dawa

Mama mwenye akili hapa Lubumbashi akiona kuvu katika mahindi au karanga zake, huzitupa. Afanya vema. Kuvu moja, jina lake Aspergillus flavus, hutia sumu katika chakula, na sumu hiyo yaweza kuleta kansa ya ini. Lakini kuvu hiyohiyo imewapa waganga dawa ya kuwasaidia wagonjwa wa kansa. Mambo hayo yalikuwaje?

Twende kwanza Uganda. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, mganga Denis Burkitt, mtu wa Ireland, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Akaona na wengine, na mwaka 1958 akaandika habari za kansa hiyo, ambayo leo yaitwa kwa jina lake. Huwapata hasa watoto wa nchi zenye malaria nyingi, kama Kongo yetu. Kisu cha mpasuaji hakikufaa kitu. Katika miaka ya 1960 zikajaribiwa dawa za kuua kansa, na uvimbe ukayeyuka kwa siku chache. Furaha ikawa kubwa.

Kumbe, kuyeyuka huko nako kwaweza kuwa hatari. Chembe nyingi mno za kansa zikifa pamoja, takataka zake humwagika katika damu. Mojawapo ni asidi ya uriki. Ikizidi, huganda kama mchanga ndani ya mafigo, mkojo hukatika, na mtoto aliyeanza kupona aweza kufa. Kwa hiyo waganga humpa maji mengi kwa njia ya mshipa, pamoja na vidonge vya alopurinoli, vilivyoanza kutumika katika miaka hiyo ya 1960. Vidonge hivyo huzuia asidi mpya isifanyike. Ile iliyokwisha kujaa haviiondoi.

Ng'ombe na nguruwe hawana taabu hiyo. Miili yao ina kimeng'enya, yaani kitu kinachofanya kazi ya kugeuza asidi hiyo iyeyuke upesi na kutoka kwa mkojo. Sisi wanadamu hatunacho. Ile kuvu inacho! Tangu mwaka 1975 waganga wa Ufaransa walidunga sindano ya kimeng'enya kilichotolewa katika kuvu hiyo, ila miili ya wagonjwa wengine iliikataa. Ndipo wataalamu wakachukua mbegu ya urithi ya kuvu, wakaitia katika hamira, ndugu wa hii ya mkate, ili hamira itengeneze kimeng'enya kilicho safi zaidi. Dawa hiyo ni rasburikazi. Ulaya iliikubali mwaka 2001, Marekani mwaka 2002. Hupitishwa mshipani kwa nusu saa, na baada ya saa 4 asidi imekwisha kushuka sana.

Lakini hapa tusikilize vizuri, maana jambo hili latuhusu sisi. Dawa hiyo ikifanya kazi, huacha kitu kikali ndani ya damu. Mtu aliyepungukiwa na kimeng'enya kingine, kiitwacho G6PD, hawezi kukivumilia: damu yake huvunjika, macho huwa manjano, mkojo huwa mweusi. Upungufu huo hurithiwa kwa wazazi, nao huonekana zaidi kwa wavulana. Ni wa watu wengi katika nchi zetu, kwa kuwa husaidia kidogo kukinga malaria. Tazama basi: malaria yashiriki kuleta kansa ile, na malaria hiyohiyo imeacha katika damu yetu alama inayokataza dawa. Mtu wa namna hiyo asipewe rasburikazi kamwe. Atunzwe kwa maji na alopurinoli.

Basi, wazazi, mtoto akivimba taya, msingoje. Mpelekeni hospitali mapema. Na kama katika ukoo wenu yuko aliyekojoa mkojo mweusi baada ya kumeza dawa, mwambieni mganga kabla ya sindano, wala msione haya. Dawa hiyo ni ya bei kubwa, lakini neno hilo halina bei, nalo laweza kuokoa mtoto.