Kardani: historia ya chuma kinachozunguka chini ya jeep, tangu Base ya Kamina hadi Land Cruiser

Swali linalorudi kila mara mvua zinapoanza ni hili: kwa nini gari likivunja kardani njiani, linaweza kukaa juma zima, hata kama kuna magari mengine ya jina lilelile mjini? Si watu wafungue tu ile ya jirani? Jibu liko katika historia, na linawahusu wote wanaosafiri juu ya mizigo au wanaongojea kamyo ya unga na dawa.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Kardani ni ule mtarimbo wa duara unaotoka kwenye bwate ya vitesi na kupeleka nguvu ya mota hadi kwenye ponti. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanaiita propela. Kila upande ina kiungo chenye msalaba mdogo wa chuma, ili izunguke bila kukatika wakati gurudumu linapanda na kushuka mashimoni. Jina lilitoka kwa Gerolamo Cardano, mtaalamu wa Italia wa karne ya 16. Robert Hooke wa Uingereza ndiye aliyekichunguza kiungo hicho kwa makini katika karne ya 17, na kutoka hapo kilingoja mpaka magari yalipozaliwa. Louis Renault alitumia mtarimbo badala ya mnyororo mwaka 1898. Mwaka 1903 Mmarekani Clarence Spicer alipata hati ya ubunifu wa kiungo chake, na mwaka uliofuata akaanza kukiuza.

Kamina, kama mnavyojua, ni mji wa reli. Njia ya BCK kutoka Bukama kwenda Port-Francqui, leo Ilebo, ilimalizika mwaka 1928, na ile ya kwenda Kabalo mwaka 1956. Garimoshi la mvuke halikuhitaji kardani: fimbo nene za chuma zilisukuma magurudumu moja kwa moja. Kwa hiyo mji wetu ulijua chuma vizuri kabla ya kujua chuma hiki.

Kilichobadilisha mambo ni vita ya pili ya dunia. Jeep ya Willys na Ford, iliyotengenezwa kwa zaidi ya magari 600,000 kati ya 1941 na 1945, ilikuwa na kardani mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma, na ponti zake zilitoka kwa kampuni ileile ya Spicer. Baada ya vita Waingereza walileta Land Rover mwaka 1948, na kiwanda cha Minerva cha Antwerp kikaziunganisha kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wakati huohuo Wabelgiji walikuwa wanajenga kambi kubwa hapa kwetu, ile tunayoiita Base, yenye shule ya marubani wa ndege za Harvard.

Hapa ndipo tatizo letu lilipoanza. Land Rover ya 1948 ilikuwa na sentimeta 203 kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Ile ya 1954 ilikuwa na 218, na ya 1956 ilikuwa na 223, huku nyingine ndefu ikitoka pembeni yake. Jina ni moja, lakini kardani ya nyuma si moja. Mekanisiye aliyekuwa na vipande vya gari lililokufa hakuweza kuamini jina lililoandikwa mbele. Ilimlazimu apime.

Mwaka 1960 Umoja wa Mataifa ulichukua Base, ukaondoka nchini mwaka 1964. Mwaka huohuo safu ya kanali Vandewalle iliandaliwa Kamina, ikapanda kupitia Kongolo na Kindu, na kufika Stanleyville, leo Kisangani, tarehe 24 Novemba, siku ileile askari wa miavuli wa Ubelgiji waliposhuka huko baada ya ndege zao kupitia Base yetu. Kuna wazee wasiopenda kusikia habari hizo, na wana haki, maana watu wengi walikufa na wengine walikimbia wasirudi. Ninaitaja kwa sababu ya magari: jeep zilizofungwa bunduki nzito, zikajazwa watu, mafuta na risasi, zikakimbizwa mamia ya kilometa. Jeep iliyotengenezwa kwa mzigo mdogo ukiigeuza hivyo, resori zinalala na pembe ya kardani si ile ya kiwandani tena.

Leo tunafanya kinyume, na shida ni ileile. Tunaongeza majani ya resori ili gari lisilale, tunaweka magurudumu makubwa ili lipite matope. Resori zikiinua gari juu ya ponti, kardani inasimama wima zaidi, na sehemu yake ya meno inayoteleza inavutwa nje.

Hooke aliacha maarifa yanayofaa garaji zetu. Kiungo kimoja kikikunjwa, mwendo unaotoka hauwi sawa na mwendo unaoingia. Mota ikizungusha mara 1,000 kwa dakika na kiungo kimekunjwa digrii 30, upande wa pili unapungua hadi 866 na kupanda hadi 1,155, mara mbili katika kila mzunguko. Kwa digrii 10 tofauti haizidi sehemu 2 kwa 100. Kiungo cha pili kinafuta kosa la cha kwanza, mradi pembe zao zilingane na uma za ncha mbili za mtarimbo zitazamane sawasawa. Mchomeleaji akikata bomba kulirefusha na kulirudisha likiwa limepinda kidogo, makosa hayafutani tena kikamilifu. Sehemu yake inabaki, na msalaba unakufa mapema. Basi kabla ya kukata, piga mstari wa rangi kutoka uma hadi uma. Rangi hiyo haigharimu kitu.

Na Land Cruiser, mfalme wa njia zetu? Ile ya namba 75 ya zamani ilikuwa na sentimeta 298 kati ya magurudumu. Mwaka 1999 zilikuja 78 na 79. Ile 78, ambayo mara nyingi mnaiona kama ambulansi, ilibaki na 298. Pick-up ya 79 ilipewa 318. Sentimeta 20! Kardani ya nyuma ya ambulansi haiwezi kuingia kwenye pick-up hiyo, hata mwuzaji akiapa kwa mama yake.

Kwa maoni yangu, gari lililogeuzwa lisinunuliwe kardani kwa simu. Liwekwe chini, magurudumu yakigusa ardhi, likiwa na mzigo wake wa kawaida, si likining'inia kwenye jeki. Pima kutoka flanji hadi flanji, hesabu matundu ya bulo na nafasi kati yao, na uhakikishe sehemu ya kuteleza inabaki na nafasi ya kuingia na ya kutoka. Usikimbilie mtarimbo mrefu mwembamba: kadiri unavyorefuka ndivyo unavyoanza kuyumba mapema, na ndiyo sababu makamyo marefu yana kardani ya vipande viwili na mshikio katikati. Mtumba mzuri wa kiwandani wenye urefu sahihi naupendelea kuliko bomba jipya lililoungwa barabarani.

Abiria nao wana kazi ya masikio. Mgongano wa chuma wakati shofere anabadilisha vitesi, au mtetemo unaokuja kwenye mwendo fulani kisha kupotea, mwambieni mapema. Kardani ikikatika mbele, ncha yake inaanguka na kuchimba ardhi, na gari lenye watu juu linaweza kupinduka.

Kama imekatika ya nyuma porini, mashofere wengi wanaifungua, wanaweka nguvu ya magurudumu ya mbele na kurudi polepole bila watu wala mzigo. Inawezekana. Lakini katika Land Rover za zamani breki ya mkono inashika kardani ya nyuma, si magurudumu. Ukiifungua ukiwa mteremkoni, gari halina kinachoizuia: weka mawe makubwa chini ya matairi kabla ya kugusa bulo ya kwanza, na watoto wakae mbali.