Deni la Jukwaa: Asili ya Mapigano katika Filamu za Hong Kong

Miongoni mwa michezo mashuhuri ya opera ya Beijing umo mmoja uitwao San Cha Kou, jina lenye maana ya njia panda. Watu wawili wasiojuana wanakutana usiku katika chumba cha nyumba ya wageni, kila mmoja akimdhania mwenziwe kuwa adui. Jukwaa limewashwa taa tele na hadhira inaona kila kitu, lakini wachezaji wanakwenda kana kwamba wamo katika kiza totoro. Huyu anapapasa meza, yule anasikiliza pumzi. Upanga unapita mbele ya pua kwa upana wa kidole, na mguu unatua pale pale ulipotoka mguu wa adui. Kiza chote kimo katika viungo vya wachezaji, na mtazamaji anakisadiki.

Mwenye kutaka kujua asili ya filamu za mapigano za Hong Kong hana budi kuanzia kwenye jukwaa hilo. Filamu hizo zilipoenea duniani katika miaka ya 1970, vijana wa Unguja na Mombasa waliozitazama walitoka kwenye majumba ya sinema wakirusha mateke njiani, na aghalabu waliamini kwamba walichokiona ni vita vya kweli vilivyonaswa na kamera. Hakika yake ni kwamba walikuwa wakitazama ngoma. Mtu wa Pemba au Lamu aliyewahi kusimama kwenye kirumbizi, ambapo fimbo hukutana kwa mwendo wa zumari, hapati tabu kulielewa jambo hili: pigo lisilo na mwendo wake ni ugomvi tu.

Mwaka 1949 mwongozaji Wu Pang alitoa filamu ya kwanza ya mfululizo uliomhusu Wong Fei-hung, tabibu na bingwa wa kupigana aliyeishi kweli katika jimbo la Guangdong na kufariki katika miaka ya 1920. Aliyeigiza nafasi hiyo, Kwan Tak-hing, alikuwa mwigizaji wa opera ya Kikantoni, naye aliirudia nafasi ile katika filamu zaidi ya 70. Kabla ya hapo wapiganaji wa filamu walizoea kurushiana miale iliyochorwa juu ya ukanda wa picha. Wu Pang alitaka hadhira izione mbinu zenyewe, kwa hiyo alikutanisha mikondo miwili. Mmoja ulikuwa wa watu wa jukwaa. Wa pili ulikuwa wa watu kama Lau Cham, aliyesomeshwa na Lam Sai-wing, mwanafunzi wa Wong Fei-hung mwenyewe. Kwa Lau Cham elimu hiyo ilimfikia mwanawe Lau Kar-leung, ambaye mwaka 1978 aliongoza The 36th Chamber of Shaolin, filamu ambayo sehemu yake iliyo bora ni mafunzo, kisasi kikija nyuma.

Aliyelipa jukwaa heshima yake kamili ni King Hu, mzaliwa wa Beijing aliyehamia Hong Kong mwaka 1949. Huyu hakuwa mpiganaji, wala hakuona haya kusema kwamba hajui kungfu. Mapigano yake aliyatoa katika opera. Mwaka 1966, katika Come Drink with Me, alimpa upanga Cheng Pei-pei, msichana aliyefunzwa dansi. Ndani ya nyumba ya wageni msichana huyo, aliyevaa mavazi ya kiume, anakaa peke yake mezani huku majambazi wakimzunguka. Kwa muda hapana vita. Ni macho, vikombe, na hatua za watu wanaojifanya wanapita. Linapokuja pigo, limekwisha kabla jicho halijalihesabu. Huo ni utaratibu wa jukwaani, ambako mchezaji hukatisha mwendo na kusimama kama sanamu kwa mlio wa upatu na matuazi, ili hadhira imwone vyema kabla hajaondoka tena.

Kilele cha kazi hiyo ni mapigano ya msitu wa mianzi katika A Touch of Zen, filamu ya zaidi ya saa tatu iliyotengenezwa Taiwan na kukamilika mwaka 1971, kutokana na hadithi ya Pu Songling, mwandishi aliyezaliwa mwaka 1640. Inasimuliwa kwamba mapigano hayo ya dakika chache yalichukua siku 25 kupigwa picha. Aliyeyatunga ni Han Yingjie, mtu wa opera. Katika picha moja mwanamke anaondoka ardhini; katika ya pili ni kivuli tu baina ya mashina ya mianzi; katika ya tatu anateremka kichwa chini, silaha mbele yake. Mruko mzima hauonyeshwi kamwe. Akili ya mtazamaji ndiyo inayoruka. Mshairi aliyebanwa na mizani nane hufanya vivyo hivyo, kwani neno analoliacha hufanya kazi sawa na analolitia. Mwaka 1975 filamu hiyo ilitunukiwa tuzo ya ufundi katika tamasha la Cannes.

Yupo atakayeuliza: na Bruce Lee je? Huyo hakusema waziwazi kwamba pigo halina haja ya pambo? Ni kweli, lakini hata yeye alizaliwa nyuma ya pazia la jukwaa. Baba yake, Lee Hoi-chuen, alikuwa mwigizaji wa opera ya Kikantoni, na mwanawe alizaliwa San Francisco mwezi Novemba 1940 wakati baba yuko safarini na kundi lake. Filamu iliyomtangaza, The Big Boss ya mwaka 1971, ilitungiwa mapigano na Han Yingjie yule yule wa msitu wa mianzi, ambaye pia aliigiza tajiri muovu anayeuawa mwishoni. Mwaka 1972, katika The Way of the Dragon, Bruce Lee alipambana na Chuck Norris ndani ya magofu ya Colosseum ya Roma. Wawili hao wananyoosha viungo kwa utulivu, na paka mdogo anawatazama. Mwisho, mshindi anamfunika marehemu kwa vazi lake na mkanda wake mweusi. Heshima hiyo kwa adui haikuwa na haja yoyote katika kisa. Ilihitajiwa na umbo la mchezo, kama kituo kinavyohitajiwa na ubeti. Bruce Lee alifariki Julai 1973, akiwa na umri wa miaka 32.

Sifa zote hizo zilikuwa na gharama, na waliolipa walikuwa watoto. Huko Kowloon mwalimu Yu Jim-yuen aliendesha chuo cha opera ya Beijing ambacho wazazi waliwakabidhi wana wao kwa mkataba wa miaka. Humo walilelewa Sammo Hung, Yuen Biao na Jackie Chan, aliyeingia akiwa na umri wa miaka saba na kukaa takriban muongo mzima. Siku ilikuwa ni kupiga msamba, kupindua vichwangomba, kusimama kwa mikono hadi mikono itetemeke, na aliyekosea alionja fimbo. Walifundishwa ufundi uliokuwa ukipoteza soko, kwani opera ya Beijing ilikuwa mgeni katika mji wa wasema Kikantoni, na sinema ilikuwa ikiwachukua watazamaji wake mmoja mmoja.

Kwa hiyo vijana hao walipomaliza mafunzo walikuta jukwaa limefungwa. Kilichobaki kuuzwa ni mwili: kuanguka kutoka ghorofani na kupigwa kwa niaba ya mwigizaji mkubwa, kwa ujira wa siku. Katika Fist of Fury ya mwaka 1972, anayerushwa nje kwa teke la Bruce Lee badala ya mwigizaji wa Kijapani ni Jackie Chan. Anayepambana naye mwanzoni mwa Enter the Dragon ya mwaka 1973 ni Sammo Hung. Sinema, iliyolinyang'anya jukwaa riziki yake, iliwaokota wana wa jukwaa na kuishi kwa jasho lao.

Baadaye baadhi yao walipata sauti, na sauti hiyo ilikumbuka ilikotoka. Mwaka 1978 Yuen Woo-ping aliongoza Drunken Master, akamweka baba yake mwenyewe, mkongwe wa opera Yuen Siu-tien, kuwa mwalimu mlevi wa Jackie Chan. Mwaka 1981, katika The Prodigal Son, Sammo Hung alimfanya bingwa wa kupigana kuwa mwigizaji wa opera anayecheza nafasi za kike; Lam Ching-ying, mwana wa jukwaa pia, akaiigiza kwa haiba kubwa. Hata Crouching Tiger, Hidden Dragon ya mwaka 2000, iliyopata tuzo nne za Oscar, ilirudi kwenye kilele cha mianzi kumwamkia King Hu, na Cheng Pei-pei, aliyefariki mwaka 2024, alikuwamo. UNESCO iliorodhesha opera ya Kikantoni kuwa urithi wa binadamu mwaka 2009, na ya Beijing mwaka uliofuata.

Lakini deni kubwa lilikuwa limekwisha kutajwa kabla ya hapo, katika filamu isiyo na vita vikubwa. Painted Faces ya mwaka 1988, iliyoongozwa na Alex Law, inakisimulia chuo cha Kowloon: watoto, mazoezi, viti vya hadhira vinavyozidi kuwa vitupu, na mwalimu anayebaki na ufundi usio na mnunuzi. Nafasi ya Yu Jim-yuen ilichezwa na Sammo Hung, na ikamletea tuzo ya mwigizaji bora wa Hong Kong. Mwanafunzi aliyetandikwa alivaa joho la aliyemtandika, akashika fimbo ile ile, akamwigiza bila kumwonea wala kumtakasa. Mwalimu mwenyewe alikuwa angali hai, mbali na jukwaa lake, huko Marekani.