Dinari ya Roma: Sura ya Mtawala, Uzito wa Fedha

Mwanzoni mwa mwaka 44 KK, mjini Roma ziligongwa dinari za fedha zenye sura ya Mrumi aliye hai, jambo ambalo halikuwahi kutokea mjini humo. Alikuwa Julius Caesar. Tangu dinari ilipoanza kutolewa karibu mwaka 211 KK, wakati wa vita dhidi ya Hannibal, nafasi hiyo ilikuwa ya miungu, na baadaye ya wahenga wa koo kubwa. Katika dola iliyojivunia kutokuwa na mfalme, hiyo haikuwa ishara ndogo. Machi 15, Caesar akauawa.

Miaka miwili baadaye Brutus, mmoja wa wauaji wake, alitoa dinari yenye majambia mawili, kofia ya mtumwa aliyeachwa huru, na tarehe ya mauaji. Hata hivyo, upande wa pili aliweka sura yake mwenyewe.

Aliyeitumia sarafu kama silaha ya kisiasa kwa ustadi zaidi ni mtawala Augustus. Alipoitwaa Misri, dinari zake zilionyesha mamba na maneno ya kutangaza kuwa nchi hiyo imetekwa. Mwaka 20 KK Waparthi walirudisha bendera za kivita ambazo Roma ilipoteza huko Carrhae mwaka 53 KK. Zilipatikana kwa mazungumzo, bila vita. Lakini kwenye dinari Mparthi anaonekana amepiga magoti akizikabidhi. Askari wa legioni, aliyelipwa dinari 225 kwa mwaka, alipokea mshahara pamoja na habari jinsi mtawala alivyotaka ijulikane.

Picha ziliendelea kutangaza ushindi, huku fedha yenyewe ikipungua. Mwaka 64 BK Nero alipunguza uzito: ratili moja ya Kirumi, iliyokuwa ikitoa dinari 84, sasa ikatoa 96. Chini ya Septimius Severus, karibu nusu ya dinari ilikuwa shaba. Kufikia mwisho wa utawala wa Gallienus, mwaka 268, sarafu iliyochukua nafasi ya dinari haikufikisha hata asilimia 5 ya fedha.

Mwaka 294 Diocletian alileta sarafu mpya ya fedha karibu safi, vipande 96 kwa ratili, kama kipimo cha Nero. Baadhi zilichorwa namba hiyo waziwazi: XCVI. Baada ya vizazi vya sarafu hafifu, sura ya mtawala peke yake haikutosha tena kuwa dhamana. Ilibidi uzito nao utangazwe.