Barua za Vincent kwa Mdogo Wake

Tumezoea kudhani kwamba mchoraji huzaliwa na kipaji chake, nacho humtosha. Barua za Vincent van Gogh, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1853, zatuonyesha mengine.

Mwaka 1879 alikuwa mhubiri wa Kiprotestanti kati ya wachimba makaa ya mawe wa Borinage, huko Ubelgiji. Aligawa nguo zake, akalala sakafuni kibandani. Wakuu wake hawakupendezwa, wakakataa kuendelea naye. Akakosana pia na mdogo wake Theo, akanyamaza karibu mwaka mzima.

Juni 1880 akashika tena kalamu, kwa kuwa Theo alimpelekea faranga 50, naye hakuweza kuzipokea bila kushukuru. Katika barua ile ndefu anajifananisha na ndege aliyefungwa tunduni wakati wenzake wakijenga viota: anahisi kuna kazi inayomngoja, ila haioni. Miezi michache baadaye alikuwa akichora wachimbaji wale wale wakienda kazini.

Tangu hapo barua zimejaa hesabu: bei ya rangi, madeni, michoro iliyorudiwa mara nyingi. Theo alilipa. Mwaka 1884 Vincent akaomba picha zake ziwe mali ya Theo, ili fedha zile zihesabiwe kuwa mshahara, wala si sadaka. Hapo, kwa maoni yetu, ndipo aibu yake inaposikika zaidi.

Theo alizitunza barua za kaka yake, zaidi ya 650. Zile alizoandika yeye mwenyewe, zilizobaki ni chache sana.