Kafara ya Waya

Orodha mpya ya istilahi za umeme wa magari imenifikia mezani, na ndani yake fyuzi imebatizwa jina la “kilinda-kifaa”. Waliolibuni nitawastiri. Nitasema tu kwamba hakuna hata mmoja wao aliyepata kuinama chini ya dashibodi ya gari lililoungua waya, maana angejua kwamba fyuzi haina habari na kifaa. Inalinda waya.

Huku Pwani ya Kusini ya Kenya jina hilo lina madhara yake. Vijana wa Ukunda na Diani wameingiwa na mapenzi ya kung'oa kompyuta ya injini iliyokuja na gari kutoka Japani na kutia nyingine wanayoweza kuipanga wenyewe, na kompyuta hiyo hudai waya mpya ambazo fundi huzivuta kwa mkono wake: za pampu ya mafuta, za injekta, za koili, za feni. Nimeonyeshwa Subaru moja katika gereji iliyo kando ya barabara ya Lunga Lunga. Fyuzi ya pampu, ile ya buluu ya ampea 15, ilikuwa ikikatika kila mara. Mwenyewe akapachika ya kijani, ampea 30, akaona raha. Fundi alipoichomoa mbele yangu, ya kijani ilikuwa nzima. Waya ndio uliokwisha: plastiki imeyeyuka ikagandana na ya waya za jirani, na shaba ndani imegeuka nyeusi kwa shibiri mbili nzima. Pampu ilikuwa imeanza kukwama, inavuta umeme kupita kiasi, na hilo ndilo lililokuwa likiikata ile ya buluu. Ukishaambiwa ni kilinda-kifaa, utaziangalia ampea za kifaa peke yake, na kifaa kikidai zaidi utakipa zaidi.

Wapo waliotaka “utambi”. Hawa nawaheshimu kidogo, kwa kuwa walau walifungua kamusi. Katika Kiingereza neno moja limebeba mambo mawili: utambi wa baruti, ambao asili yake ni fusus ya Kilatini, kijiti cha kusokotea uzi, na kitenzi cha kuyeyusha, kilichotokana na fundere, yaani kumimina. Kifaa cha umeme kilipoanza kuitwa hivyo katika miaka ya 1880, kilizaliwa na yupi? Wanaetimolojia hawajapatana. Wengine husema kilifuata umbo la utambi, wengine hushikilia kuyeyuka, na sijui kwa nini ugomvi huo utusokote sisi. Utambi huwashwa makusudi ili jambo litokee. Fyuzi huungua ili lisitokee. Na “kikatizi”, kipenzi cha mwalimu mmoja wa Mombasa ambaye huwakatiza pia wenzake wakizungumza, ni jina halali la swichi inayojizima yenyewe kisha ikainuliwa tena. Fyuzi haiinuliwi. Ikienda imekwenda.

Ndiyo maana nashikilia kafara. Neno limetoka katika Kiarabu, kaffara, kwenye mzizi wa k-f-r ambao maana yake ya kale ni kufunika. Humo humo ndimo alimotoka kafiri, yule aifunikaye haki. Kaffara hufunika dhambi: aliyevunja yamini hulisha maskini 10. Kiswahili kikalipokea neno na kulipanua, likawa mnyama anayetolewa ili balaa liupite mji. Siku hizi hata karani akifukuzwa kazi ili mkubwa wake abaki kitini, watu husema katolewa kafara. Hapo fyuzi imo yote: kitu kidogo, cha bei ndogo, kilichowekwa njiani makusudi, kinachoangamia chenyewe kabla ya kikubwa kuangamia. Hakuna jina lingine, la kuazima au la kuunda, linaloyasema haya kwa silabi tatu.

Nilipoliwasilisha mbele ya kamati moja, nilijibiwa kwamba linanuka uganga. Kamati hiyo hiyo haikuona tabu kuweka panya juu ya meza ya kila karani. Shekhe mmoja wa Msambweni, niliyemwendea kwa adabu zote, hakukasirika hata chembe. Alicheka, akaniuliza kama kafara ya ampea 30 ni ng'ombe au mbuzi.

Matumizi, kwa wenye haraka: anza na mzigo, kisha urefu, kisha unene wa waya, mwisho kafara. Pampu ya ampea 10 iliyofungwa kwa waya wa mita 8, kwenda na kurudi, hupoteza karibu volti 1.4 kwenye shaba ya milimita 1 ya mraba, na nusu yake kwenye ya milimita 2. Waya wa magari wa milimita 2 za mraba, wenye ganda jembamba, hubeba ampea 25, kwa hiyo kafara ya 15 yatosha: juu ya mzigo, chini ya uwezo wa waya. Ikae karibu na betri, kwa kuwa kipande kilichotangulia hakina wa kukifia. Na kiungo kilicholiwa na chumvi ya pwani huweza kupata moto bila ampea kuongezeka, hivyo kafara haitakijua. Hicho dawa yake ni kukikata na kukiunga upya.

Imebaki ngeli. Mimi nasema kafara imekwenda, kafara zimekwenda, i- na zi-, na zinakokaa ni boksi la kafara. Nasikia yule mwalimu wa Mombasa ameanza kulifundisha darasani kwa li- na ya-, makafara yamekwenda, na kwamba anadai alilibuni yeye.